Dobro Alivyouaga Mgodi

Haya niliyapata kwa Nagi Kui, dada yake Dobro Tiu. Alinisimulia msimu wa mahua, mti ambao maua yake tunayala, mwaka ule mvua ilipochelewa, tukiwa wawili chini tunachambua maua yaliyoanguka asubuhi. Nagi hana haraka akisimulia. Akifika mahali penye uzito huinua ua moja, akalipuliza vumbi, akalitia kikapuni, ndipo akaendelea. Maua ya upande wetu siku hizi lazima uyapulize.

Dobro alikuwa mtu wa chini, ndivyo tunavyowaita wanaoshuka mgodini. Mgodi wenyewe ni wa urani, uko nyuma ya vilima vyetu. Alishuka kijana akapanda mzee, ingawa miaka iliyokuwa katikati haikuwa mingi. Kifua kilimkauka. Zahanati ikampa dawa za kifua kikuu, akazimeza zote, kifua hakikusikia. Alikufa msimu wa baridi. Akachomwa, mifupa iliyobaki ikaoshwa, ikatiwa kwenye chungu kipya, na chungu kikaning'inizwa kwa kamba kwenye boriti ya chumba cha ndani, kule wanakokaa waliotangulia. Hapo kingengoja wakati wa mawe.

Wakati wa mawe ni baada ya mpunga kuingia ndani. Kila ukoo una jiwe lake pale sasan, uwanja wetu wa wafu kando ya kijito. Ni jiwe bapa, pana kama mlango, limekalia vijiwe vidogo, na chini yake wamo baba na babu na wake zao. Kwetu mwanamke siku anayoolewa jiwe la baba yake linamtoka. Jiwe lake linakuwa la mumewe, na analipata kwa kumfuata huyo mumewe.

Mke wa Dobro aliitwa Sini Kui, maana kwetu kila mwanamke huitwa Kui. Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo kwake jambo lilikuwa moja. Dobro akilala chini ya jiwe la baba yake, basi naye siku yake ikifika atakuwa na mahali. Asipolala pale, Sini hana mahali popote.

"Watu baadaye walimsema mengi," Nagi aliniambia. "Mara shujaa, mara mkorofi. Wifi yangu alikuwa anataka pa kulala, basi."

Sasa, kampuni ilikuwa imejaza bwawa lake la tope. Mawe ya mgodini yakishasagwa na kutolewa kile wanachokitaka, yanayobaki humwagwa humo kama uji wa kijivu. Kiangazi uji unakauka juu, upepo unauinua, unatua kwenye paa, kwenye mboga, kwenye kisima. Watoto wakazaliwa na vidole vilivyoshikana. Mimba zikawa hazikai. Kampuni ikasema ni pombe yetu na ni kuoana ndugu kwa ndugu, jambo ambalo sisi tunalikataza kuliko wao. Bwawa lilipojaa wakataka la pili, na mahali walipopachagua ni pale kwenye kijito, pamoja na sasan.

Wakaja na waya wakazungushia. Wakasimamisha bango lenye picha ya fuvu na mifupa miwili. Mama yake Dobro, Turi Kui, ambaye alikuwa mzee sana na sikio moja limekufa, alipelekwa akalione. Akalitazama kwa muda.

"Afadhali," akasema. "Kumbe wanajua hapa ni kwa wafu."

Kukawa na mkutano kwenye uwanja wa ngoma. Kampuni ilimtuma mtu wake wa kuongea na vijiji, kijana msafi mwenye kikohozi cha adabu. Akaeleza kwamba hawana nia ya kuvunja heshima ya mtu. Mawe yote yatanyanyuliwa na mashine, yatapangwa vizuri mahali pengine ng'ambo ya barabara, na patapandwa maua. Mkuu wa kijiji, Selai Tiu, hakusema ndiyo wala hapana. Selai alikuwa mtoto wa baba mkubwa wake Dobro. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuitwaitwa ofisini, na mwanawe alikuwa amepata kazi ya kudumu kwenye kinu cha mgodi.

Alikuwepo pia Kande Birua, aliyekuwa amesoma mjini akarudi na kuanzisha chama cha vijiji cha kulipinga bwawa. Kande alisimama akasema mgomo. Hii haikuwa mara yake ya kwanza kusema mgomo. Wanaume wa mgodini wakaangalia miguu yao. Atakayegoma ataachishwa kazi, na nje kulikuwa na watu wa mbali wanaongoja nafasi. Hakuna aliyembishia Kande, wala hakuna aliyemwitikia.

Ndipo Sini akauliza kutoka upande wa wanawake. Mawe yatabebwa, sawa. Je, walio chini yake?

Yule kijana akasema mifupa itakayoonekana itakusanywa.

"Itakayoonekana," Sini akarudia, akakaa.

Mpunga ulipoingia ndani, Sini akamfuata Selai kuomba ngoma za msiba. Hapa lazima nieleze kwamba kwetu mke hazungumzi uso kwa uso na kaka mkubwa wa mumewe. Hamgusi, hakai naye mkeka mmoja. Sini akasimama nje ya mlango, kajifunika kichwa, Nagi akasimama katikati, na Selai ndani akatazama ukuta. Kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri sana.

"Wifi, mwambie shemeji nataka kumtembeza Dobro," Sini akasema. "Amekaa darini vya kutosha."

"Nagi, mwambie mke wa mdogo wangu kule kuna waya," Selai akasema. "Atamtembeza ampeleke wapi?"

"Mwambie nyumba za watu hazikuzungushiwa waya. Matembezi yaanze, ya waya tutayaona hukohuko."

Nagi alisema yeye hakufungua kinywa. Alikuwa kama nguzo ya mlango.

Kumtembeza maiti ni hivi. Mifupa hutolewa chunguni, huwekwa kwenye ungo, hufunikwa kitambaa cheupe, na mjane huibeba kichwani. Mbele yake wanatembea wanawake na vyungu vitupu, vingine vimepasuka. Ngoma zinapigwa polepole, pigo zito, kimya, pigo zito. Marehemu hupelekwa kila mahali alipokuwa akienda akiwa hai. Kila mlango wanaposimama, wanawake huvigeuza vyungu chini juu, ionekane kwamba havina kitu, na wa nyumbani lazima watoke. Chakula kiko motoni, mtoto yuko titini, unatoka. Asiyetoka, marehemu atarudi mwenyewe kumtafuta, na hakuna anayeutaka ugeni huo. Na aliyetoka akaagwa, anafuata nyuma mpaka jiweni.

Selai akauliza, kupitia Nagi, watapita wapi. Sini akataja. Nyumba za ukoo, kisima, uwanja wa kupuria, shamba la mtoni, kwa mama muuza pombe ya wali, na mgodini.

Selai akageuka kidogo, karibu amtazame. "Mgodini kufanya nini?"

"Mwambie shemeji Dobro shambani alienda sikukuu kwa sikukuu. Kule alikuwa kila siku. Kama nitampeleka kwa muuza pombe nikaacha kule, huyo nitakayekuwa nimemtembeza ni nani?"

 Selai alikuwa mkuu, na kazi ya mkuu ni kuona desturi imetimia.  Akasema ngoma zitapatikana.

Habari ikamfikia Kande kabla jua halijageuka. Akaja mbio, macho yanawaka, ana vitambaa na rangi ya kuandikia. Atafanya mabango, ataita waandishi wa habari. Sini alikuwa anapepeta mchele. Akamwachia aseme mpaka akaishiwa.

"Mwanangu Kande," akasema, "msiba hauna mabango. Unataka kuja, njoo kama jirani. Njoo mdomo umefungwa."

"Lakini shangazi, hii ni nafasi ya—"

"Ya Dobro."

Kande akaja kama jirani. Kutwa nzima hakusema neno, na Nagi anaapa kwamba katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo lililowashangaza watu zaidi.

Wakaondoka asubuhi. Kwa wale wa ukoo walilia inavyopaswa. Kisimani Sini alisimama kitambo, maana Dobro ndiye aliyekichimba akiwa kijana, na sasa kisima kilikuwa na alama nyekundu ya kukataza kunywa, na watu walikuwa wanakunywa. Mama muuza pombe alitoka na bakuli, akamwaga kidogo chini, akamwambia ungo kwamba mteja mwenye maneno mengi kama yule hatampata tena. Turi Kui alibebwa mgongoni na mjukuu wa jirani. Alikuwa akiuliza kila mara wamefika kwa nani, na akiambiwa anasema, "Huyo? Huyo hakumpenda Dobro. Mbona analia?"

Nyuma msururu ukarefuka. Kila aliyetoka nyumbani kwake alifuata.

Walipofika geti la mgodi zamu ya asubuhi ilikuwa ndani. Getini alikuwapo mlinzi, Gono Sundi, mtu wa kijiji alikozaliwa Sini, na mkononi ana ile mashine ya kupimia watu na mizigo inayotoka, isije ikatoka na vumbi la urani. Wapiga ngoma wakasimama, wakapiga. Wanawake wakageuza vyungu vyao chini juu, mbele ya geti.

Gono alitazama vile vyungu. Yeye mwenyewe alikuwa anamjua Dobro, walizoea kugawana tumbaku palepale. Akaweka kofia yake kwenye kiti, akatoka nje ya geti. Wa kwanza kumfuata alikuwa mpishi wa kantini, mikono bado ina unga. Kisha watu wa karakana. Kisha wa kinu, na kati yao mtoto wa Selai, ambaye hakuthubutu kumtazama baba yake aliyekuwa amevaa ngoma kubwa shingoni. Kinu kikapunguza sauti, kikanyamaza. Nagi alisema hakuwa amewahi kuusikia mgodi ukiwa kimya, na kwamba mwanzoni alidhani masikio yake yamepata ugonjwa wa mama yake.

Bwana mkubwa wa mgodi akashuka ofisini. Alikuwa mgeni, ametoka miji ya kusini, hajui lugha yetu, basi Gono akawa anawatafsiria. Bwana mkubwa alikuwa mtu mpole. Alikuja amejiandaa. Alishakutana na wagomaji sehemu nyingine na alikuwa na majibu ya kila dai. Akauliza wanataka nini.

Gono akauliza, akajibiwa, akageuka.

"Wanasema hawataki kitu, bwana mkubwa."

"Hawawezi kuja wote hivi bila kutaka kitu."

"Wanasema ni huyu aliyekuja. Amekuja kuaga."

Bwana mkubwa akautazama ungo kichwani kwa Sini. Akavua miwani. Akauliza kwa sauti ya chini kuaga kunachukua muda gani. Sini akasema mpaka wenzake wote wawe wametoka. Akauliza wote ni akina nani, si hawa hapa? Sini akaonyesha chini, ardhini.

 Mtu wa lifti ya kushushia watu mgodini, aliyekuwa amesimama kwenye umati karibu na Gono, akarudi taratibu, akapiga kengele ya kuwapandisha watu. Hakuna aliyemwamuru. Walitoka kundi baada ya kundi, weusi kwa vumbi, taa kofiani bado zinawaka mchana kweupe, na kila mmoja alipita mbele ya ungo akagusa kitambaa. Walikuwepo wengine wa mbali, wasio watu wetu kabisa. Nao walitoka, kwa sababu kushuka na Dobro walikuwa wameshuka.

Msaidizi wa bwana mkubwa alikuja akamnong'oneza. Tope lilikuwa limesimama kwenye mabomba. Likikaa humo litaganda, na kuyazibua ni kazi ya siku nyingi. Bwana mkubwa akapata wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hushika kanuni. Akamwambia Gono kwamba hata hivyo huo ungo umefika eneo la mgodi, lazima upimwe kama vitu vingine.

Gono akaiangalia mashine mkononi mwake. Akauangalia ungo.

"Bwana mkubwa," akasema, "huyu ameshamaliza zamu."

Akaizima, akaiweka kwenye kiti juu ya kofia yake. Hapo Nagi aliinua ua, akalipuliza kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba mpaka leo hajui kama angependa mashine ile ipite juu ya kile kitambaa au la. Kuna siku anataka, kuna siku hataki.

Bwana mkubwa hakumgombeza Gono. Akamgeukia Sini moja kwa moja, kana kwamba wanaelewana lugha, akauliza wakitoka hapa wanakwenda wapi.

"Chini ya jiwe la baba yake," Sini akasema. "Liko ndani ya waya wenu."

Gono akatafsiri.

"Nikifungua waya, hawa watarudi kazini?"

"Mimi sikuwaita, wala sitawazuia. Watarudi msiba ukiisha."

"Na utaisha lini?"

"Jiwe likishakaa."

Bwana mkubwa akatazama bomba, akatazama watu wake wamesimama na kofia mkononi. Nagi anasema hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta mlango katika nyumba asiyoijua. Akasema watafungua. Leo tu, na huyu mmoja tu.

Sini akamshukuru kwa kuinama, ungo haukutikisika.

Basi wakashuka kijitoni, na mgodi mzima nyuma yao. Walipopita tena katikati ya kijiji, kwenye kila mlango uliokuwa na chungu darini, kulikuwa na mwanamke amesimama na ungo kichwani. Maana Dobro hakuwa peke yake aliyekuwa akingoja. Tangu waya ulipozungushwa hakuna jiwe lililonyanyuliwa. Kulikuwa na mama, kulikuwa na kaka, kulikuwa na watoto wadogo ambao ungo wao ulikuwa mwepesi sana. Nilimuuliza Nagi kama walikuwa wamepanga. Akacheka. Akasema Kande alikuwa ameahidi kufunga mdomo, hakuahidi kwamba asubuhi na mapema asingepita nyumba kwa nyumba akifanya ishara za mikono.

Walinzi wa kwenye waya walikuwa wamepewa neno la kumwachia mmoja. Waliziona nyungo zinateremka kilima, na nyuma yake kofia zenye taa. Wakalifungua lango, wakasogea kando, mmoja wao akaketi.

Hapo ikawa zamu ya Selai. Kulinyanyua jiwe la kwanza ni haki ya mkuu, na asiponyanyua yeye hakuna anayeweza. Alisimama na ngoma yake shingoni. Kama atalinyanyua, yale mazungumzo yote ya ofisini na chai yake vitakuwa vimekwisha, na pengine kazi ya mwanawe pia. Watu hawakumhimiza. Turi Kui ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Selai anangoja nini? Au na yeye anangoja mashine?"

Selai akavua ngoma. Mwanawe akamletea mtaimbo wa mgodini. Wakauingiza wawili upande mmoja, watu wa chini wakaingiza mitaimbo yao upande wa pili, na jiwe la ukoo wa Tiu likainuka kama kifuniko cha sufuria. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, kuinua mawe. Sini akashuka shimoni mwenyewe, akairudisha mifupa kwenye chungu chake, akatia mchele na kitambaa na kiko cha Dobro cha tumbaku. Kabla hajapanda alipapasa upande wa kushoto kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetazama kitanda kama kina nafasi. Kisha akatoa mkono, akavutwa juu.

Jiwe likashushwa. Wakaendelea na mengine mpaka nyungo zote zikawa tupu. Watu wa mgodini wakarudi kazini kama Sini alivyosema, na mabomba mengine yalikuwa yameshaziba.

Kampuni haikumwachisha kazi mtu siku ile, wala haikukubali chochote. Lakini aliyezikwa upya lazima apelekewe chakula, na wanawake walipeleka, kila mara kwa njia ileile, na lango la waya likawa halifungwi maana kufunga ni kugombana upya. Mwisho bwawa la pili lilichimbwa upande wa juu, dogo kuliko lile walilotaka. Mawe yapo palepale. Vumbi nalo lipo. Bwana mkubwa alihamishwa. Kande anaendelea na mikutano, na sasa watu hujibu.

Jioni ile walirudi nyumbani wanawake watatu. Turi Kui alikula akalalamika chumvi, akauliza kama Dobro amefika salama, akaambiwa amefika, akalala palepale bakuli liko mapajani. Nagi alimfunika, naye akajilaza karibu na moto. Kabla usingizi haujamchukua alimwona wifi yake anaingia chumba cha ndani, anafungua ile kamba ya chungu kutoka kwenye boriti. Sini aliikunja vizuri, akaiweka juu mahali pakavu, maana itatakiwa tena. Akatoka, akatandika mkeka wake, akalala.